Orodha ya Vitu Sitini na Tatu

Kampuni ya kwanza niliyoipigia simu iliniuliza swali moja tu: lori linafika mlangoni? Nikasema halifiki. Wakasema asante, wakakata. Ya pili ilituma mtu wa kukagua. Alifika mwisho wa barabara, akaangalia kijito, akaangalia daraja la mbao, akainua macho taratibu mpaka kwenye bati la nyumba yetu juu ya kilima, kisha akapandisha kioo cha gari. Hakukanyaga hata vumbi.

Nasema ukweli, nilifurahi. Mdomo wangu ulikuwa unatafuta wahamishaji, moyo wangu unaomba washindwe.

Mama alikuwa amekaa kwangu mwaka mmoja na miezi saba. Alikuja kunitembelea kwa siku nne, siku ya tatu akateleza kwenye vigae vya bafu langu, akavunjika nyonga. Mjukuu wa jirani alinisaidia kumnyanyua. Tangu hapo anatembea kwa fremu ya kushikilia, hatua kumi na tano, ishirini akiwa na hasira, kisha lazima akae. Vitu vyake vingi tulivileta kwangu baadaye, kitanda, kabati, cherehani, kila kitu, kwa sababu daktari alisema itachukua muda na mimi nikasikia itachukua milele. Sasa alitaka kurudi kwake. Nikamwambia kule ni mlima, mama, huku ni tambarare.

"Mlima nimeupanda miaka arobaini, haujanivunja," akasema. "Nimevunjwa na vigae."



Aliyetuponza ni marehemu baba. Viwanja vya chini vilikuwepo, yeye akaenda kujenga juu kabisa, akisema mwizi akifika pale atakuwa amechoka hata kuiba. Matofali yalipanda kwa vichwa, na kimoja cha vichwa hivyo kilikuwa changu. Ukishuka garini unavuka kijito kwa daraja lenye upana wa mlango, unafuata kijia kilichobanwa na nyua mbili za miti, unapanda ngazi za mawe ambazo hakuna hata mbili zinazolingana, unazunguka jiwe kubwa kama chumba, ndipo unaona nyumba. Mtu mzima mwenye afya yake anatumia dakika kumi na mbili. Mama mdogo, mdogo wake mama wa kunyonya ziwa moja, amekuwa akiishi pale na kuitunza nyumba muda wote huo, kwa hiyo hata hoja ya "utakaa na nani" sikuwa nayo. Nilibakiwa na hoja ya njia.

Kampuni ya tatu ilikuwa mwanamume mmoja na wenzake watatu. Wenzake walimwita Kinyumenyume. Nikadhani ni utani wa vijiweni, mpaka nilipompeleka kuiona njia. Alivua viatu, akatoa kamba mfukoni, akageuka, akaanza kupanda kilima akiwa amekipa mgongo. Mimi nikawa namfuata uso kwa uso kama tunaogombana.

"Ndiyo nini hii?" nikamuuliza.

"Mzigo ukipanda, dada, mtu wa juu anarudi nyuma. Macho yake yako kwenye mzigo. Njia lazima aijue kwa visigino."

Kila alipokuta pabaya alisimama, akapapasa kwa mguu, akapiga fundo kwenye kamba. Darajani fundo moja. Pale ua unapojikunja, fundo. Kwenye ngazi mafundo manne. Kwenye jiwe alikaa sana, akaenda na kurudi mara tatu, akapiga fundo kubwa kuliko mengine. Alipofika mlangoni kamba ilikuwa na mafundo kumi na moja. Mama mdogo alimpa maji ya kunywa, akayanywa amesimama, kisha akaniambia kinapitika.

"Kabati pia?"

"Kabati, friji, chochote. Ila uniandikie orodha. Kisichoandikwa sikibebi. Mwenzangu alipoteza kidole cha mguu kwa tangi la maji ambalo mwenye mali alisema ni kitu kidogo tu, kimesahaulika."

Sasa hapo alikuwa amemgusa mtu mwenyewe. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mwaka wa ishirini na sita huu. Katika stoo yangu hakijapotea hata kifuniko. Orodha ni kazi ninayoiweza usingizini. Nikapiga mistari: namba, kitu, hali yake, kinakokwenda, na chini kabisa nafasi ya saini ya aliyepokea. Nikaandika jioni tatu mfululizo. Kitanda, hali nzima, chumbani. Kabati la milango miwili, limechubuka kushoto, chumbani. Cherehani ya kukanyaga, nzima, sebuleni karibu na dirisha. Sufuria nilizihesabu na vifuniko vyake. Hata ndoo yenye mpini wa waya niliipa namba yake. Vilitimia vitu sitini na tatu, na nilipomaliza niliiacha orodha mezani chini ya kopo la sukari ili kila mtu aione.

Jumamosi saa moja asubuhi lori lilikuwa mwisho wa barabara, na mama alikuwa mbele, kando ya dereva, amevaa viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi, mkoba mapajani. Nikamwambia akae hapohapo kwanza, wanaume wafanye kazi. Akasema sawa.

Mdogo wangu wa kiume hakuwa amefika. Nyumbani tunamwita Nipo Njiani, kwa sababu ndivyo anavyojibu simu hata kama bado anapiga mswaki. Nilipompigia akasema yupo njiani.

Sikuwahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Kinyumenyume alishika upande wa juu wa kila kitu kizito, akapanda akirudi nyuma, kamba yake shingoni, na mkono ukipata nafasi alikuwa akiigusa kujua fundo linalofuata. "La tatu," anasema, na wote wanajua hapo mzigo unawekwa chini. "La sita, inama." Kabati lilipita kwenye jiwe likiwa limesimama wima, limekumbatiwa na watu wawili kama mgonjwa. Friji ilipanda kwa mbeleko ya turubai. Mimi nilikaa mlangoni na kalamu, kila kinachoingia nakipigia alama, huku mama mdogo akielekeza kiwekwe wapi na kubadili mawazo kila baada ya dakika tano. Kilichovunjika ni kikombe kimoja, nacho nilikivunja mimi.

Saa saba mchana nilipiga alama ya sitini na tatu. Niliangalia ile karatasi nikasikia raha ninayoisikia mwisho wa mwaka stoo ikikaguliwa ikakutwa sawa. Nikashuka chini kumwambia mama kazi imekwisha.

Nipo Njiani alikuwa amefika, ameegemea lori, anamsimulia mama jambo. Aliponiona akasema, "Hongera dada. Sasa mama anapandaje?"

Nikamwangalia. "Si ulisema utaleta kiti cha magurudumu?"

"Niliuliza, wakasema magurudumu hayapiti kwenye ngazi. Nikajua wewe umeshaongea na hawa jamaa. Wewe ndiye mwenye orodha."

Nikageuka kumtazama Kinyumenyume. Alikuwa anakunja turubai. Alinyoosha mkono, nikampa orodha, akaisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, na mimi nikawa naisoma pamoja naye, nikijua kabisa sitakiona ninachokitafuta. Ndoo yenye mpini wa waya ilikuwepo. Mama hakuwepo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema ni usahaulifu, na mdogo wangu angeniamini, maana naye ni fundi wa kusahau. Lakini mtunza stoo hasahau mzigo mkubwa kuliko yote. Jioni zile tatu nilikuwa naandika vitu vya mama vikihama huku rohoni nikijiambia kwamba vikifika kule, mama atauangalia mlima, atachoka, atasema basi mwanangu, turudi. Nilikuwa tayari hata kuviteremsha tena vyote.

"Mama," nikasema, "unaonaje tukirudi leo, halafu wiki ijayo..."

"Orodha niliiona tangu Jumanne," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeisoma yote. Nikasema ngoja nione huyu mtoto atanikumbuka lini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia Jumanne, ungepata sababu ya kuahirisha. Leo kitanda changu kiko juu. Wewe sema tu nitalala wapi."

Nipo Njiani alianza kuyachunguza matairi ya lori. Mimi machozi yalinitoka palepale, mbele ya dereva na wabeba mizigo, na sikuona haya. Nilisikia uchungu, na ndani ya uchungu kulikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani. Baba alikuwa marehemu, kwa hiyo nikamtupia yeye na kiwanja chake.

Kinyumenyume alingoja nimalize kupenga kamasi. Halafu akanirudishia karatasi.

"Kisichoandikwa sikibebi," akasema kwa upole. "Andika, dada."

Nikaiweka karatasi kwenye boneti la lori. Namba: sitini na nne. Kitu: nikaandika Mama. Kwenye hali nikakwama. Vitu vingine nilikuwa nimeandika nzima, kuukuu, imechubuka.

"Umefika kwenye hali?" mama akauliza kutoka dirishani. "Andika kuukuu lakini inafanya kazi."

Wabeba mizigo walicheka, nami nikacheka na makamasi yangu. Nikaandika hivyohivyo. Ilibaki sehemu ya mwisho, kinakokwenda. Nikaandika chumbani. Mama akanyoosha shingo akasoma.

"Mimi si kitanda," akasema.

Nikafuta. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa vitu vyote sitini na tatu. Kisha nikaandika: nyumbani kwake.

Mmoja wao alikimbia juu akaleta kiti cha mikono cha mama, namba tisa kwenye orodha. Walimkalisha, wakamfunga kiunoni kwa mkanda wa turubai, wakaweka mkoba mapajani kwake kwa sababu alikataa kumpa mtu. Kinyumenyume akashika mgongo wa kiti, wawili wakashika miguu ya mbele, wa nne na mdogo wangu wakakaa pembeni. Namna ile ya kubeba, mama alipanda akiwa amekipa kilima mgongo. Uso wake ulikuwa unatazama chini, na aliyekuwa nyuma yao chini ni mimi.

Kwa hiyo njia nzima tulitazamana. Kwenye daraja alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Kwenye ngazi alifumba macho, akayafumbua, akaniambia nifunge kifungo cha blauzi. "La saba," Kinyumenyume akasema kwenye jiwe, wakamweka chini, wakapumua. Mama akaweka kiganja chake kwenye lile jiwe, akaliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama lilimngoja. Kisha akawaambia, "Haya wanangu, mnaongea sana." Hakuna aliyekuwa amesema neno.

Fundo la kumi na moja ni kizingiti. Mama mdogo alikuwa amesimama pale na fremu ya kutembelea mikononi, ameishika kama anayepokea mgeni wa heshima. Mama alikataa kuingizwa ndani kwa kiti. Alisimama, akashika fremu, akavuka kizingiti mwenyewe, hatua tisa mpaka sebuleni, nami nilizihesabu zote. Alikaa kwenye kiti cha cherehani karibu na dirisha, akavuta pumzi, akasema kabati wameliweka upande si wake.

Ilibaki saini. Nilitoa kalamu, nikaiweka karatasi mezani, nikainama kusaini kama ninavyosaini kila siku ya maisha yangu. Kinyumenyume akaweka kidole juu ya mstari.

"Hapo ni aliyepokea," akasema. "Anapokea mwenye nyumba."

Nikampa mama kalamu. Akavaa miwani, akasoma mstari mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika chini akauliza, "Na hii sitini na nne nayo naipokea mimi?"

"Yote, mama."

Akasaini. Herufi zilikuwa zilezile za kwenye ripoti zangu za shule, zimeinama kidogo kulia. Pembeni akaongeza maneno ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, siku moja aliponitembelea kazini: vyote vimefika salama.

Kazini kwangu kuna sheria moja ambayo haina mjadala. Kitu kikishasainiwa na aliyekipokea, kimetoka stoo. Hukidai tena, huendi kukichungulia kila mara, huulizi kimewekwa kwenye rafu gani. Nimewafundisha wengi sheria hiyo, na wengine niliwakaripia kwa kuivunja. Nikamwachia mama karatasi, nikamkumbatia, nikamkumbatia mama mdogo, nikatoka kabla sijaanza kuelekeza dawa zinamezwa saa ngapi.

Mama alikuwa dirishani, akapunga mkono mara moja tu, kisha akaanza kutia uzi kwenye cherehani. Mpaka kwenye lile jiwe nilishuka kinyumenyume.