Picha ya Hilario

Tangu asubuhi Otilia alikuwa hatulii. Kwenye simu yake aliipandisha picha ya mumewe mwanzo kabisa wa orodha, akaishusha, akaificha katikati ya picha za wazee, akaitoa, akairudisha. Hadithi ya picha za marehemu wa mtaa ilikuwa ioneshwe kesho, sikukuu ambayo wafu huaminiwa kurudi nyumbani kula, kwenye ukuta wa kanisa, na kila nyumba ilikuwa imeshamletea picha za watu wake. Kuzipanga kwenye simu alikujua, na muziki wa tarumbeta alishautia. Ilibaki sauti ya kusimulia tu, na hiyo ilikuwa kazi ya mama mkwe wake, Doña Chencha, maana hakuna aliyewajua wafu wa mtaa ule kwa vituko vyao kama yeye.

Kwa picha ya mumewe ndipo penye kazi. Mume huyo, Hilario, aliondoka kwenda kaskazini kutafuta kazi nchi jirani miaka sita iliyopita, akapiga simu alipokaribia mpaka, na tangu hapo kimya. Katika mji ule picha ya mtu aliye hai haiwekwi pamoja na za wafu. Ni kumchimbia kaburi. Kwa hiyo meza ya wafu nyumbani kwao ilikuwa na mikate, ubani, maua na picha ya baba mkwe, lakini ya Hilario hakuna. Na picha isipowekwa, Otilia bado ni mke wa mtu. Fidencio mwoka mikate alitaka kumwoa, naye alikuwa ameahidi kumjibu baada ya sikukuu. Tusimlaumu. Miaka sita ya kuruka kila simu ikilia si mchezo.

Wakaketi jikoni, simu wameiegemeza kwenye chungu cha mchuzi wa mole. Ikatokea picha ya kwanza.

"Huyu Doña Eufrasia," Doña Chencha akaanza. "Tamale zake za unga wa mahindi zilikuwa mawe matupu, na ole wako uziache. Njoo ule za wenzako, Eufrasia, uone tofauti."

"Mama! Wanawe watasikia!"

"Si ndio waliokuwa wakimtupia mbwa tamale hizo? Endelea."

Wakaendelea, picha baada ya picha, na kila mmoja akaitwa aje ale. Otilia alicheka palipochekesha, lakini goti lilikuwa halishikiki.

"Mguu huo una nini? Unanitikisia meza."

"Hamna kitu, mama."

Ikaja picha ya Hilario siku ya harusi yao, anacheza na bata mzinga begani. Doña Chencha akaisogelea simu, akaikazia macho. Simu ikazidi kurekodi, na Otilia akajiandaa kwa lolote, hata kofi.

"Nani kaiweka?"

"Mimi, mama."

Mama mkwe akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ileile aliyowasemea wengine:

"Huyu Hilario, mwanangu wa mwisho. Kucheza hakujua, mnamwona, bata ndiye anayemchezesha. Njoo ule, baba. Mkeo amechoka kukungoja, na mimi nimechoka kumtazama akikungoja."

Ndicho alichokitaka Otilia. Alikiombea, alikikosea usingizi. Lakini kumsikia Hilario akiitwa pamoja na wafu kulimkata maini, na kabla hajajua anafanya nini, kidole chake kilikuwa kimeshaifuta rekodi.

"Imeingia?" Doña Chencha akauliza.

"Haikuingia. Simu imejaa."

"Basi turudie." Akakohoa kusafisha koo.

Otilia akailaza simu kifudifudi. "Mwakani, mama."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma iliyomuuma Otilia kuliko kofi.

"Na Fidencio je, mwanangu? Naye mwakani?"

Otilia alikuwa ameshainuka, amesimama mlangoni, anaangalia barabara ya kaskazini.