Kesho Usianike

Koplo alipoleta furushi la sare chafu, alimwambia mama dobi kama kawaida: "Mama, kesho usianike." Maana yake nyuma ya kambi kutakuwa na kishindo, na vumbi jeupe litatua kwenye nguo. Lakini ukimuuliza kishindo gani, atakuapia hakuna kishindo.

Kesho yake dobi hakuanika. Kishindo kikalia, vikombe vikacheza kabatini, na alasiri, kama kila baada ya kishindo, kile chombo cha mviringo kikaja angani kimya kimya, kikasimama juu ya kamba za nguo. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, ndala moja hana.

"Umekula?" dobi alimuuliza.

"Huku hakuna njaa. Mbuzi wangu hawajambo?"

"Wazima. Yule mweusi kala nusu mche wa sabuni."

Mumewe alicheka mpaka chombo kikayumba. Alikuwa ameenda kuchunga nyuma ya kambi siku ambayo koplo alisahau kupita kuonya, na nyumbani hakurudi. Jeshi likasema ametoroka na mwanamke. Dobi hakutaka fidia. Alitaka waseme tu kwamba walimuua, watu waache kumwita mke aliyekimbiwa, maana hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Safari hii akamwita meja, mkuu wa kambi. Meja akaja, akatazama juu, akavua kofia kwa adabu.

"Habari za siku nyingi, mzee?"

"Nzuri. Mliniua, afande."

Meja akamgeukia dobi, uso umekunjuka. "Si tulikwambia, mama? Huyo hapo, buheri wa afya. Ameamua kuondoka, basi. Sare zangu tayari?"

Zilikuwa tayari. Dobi alimsukumia kifuani.

Wiki iliyofuata koplo alichelewa. Alikuja asubuhi, jua limeshapanda: "Mama, leo usianike." Dobi akaacha maji yakichemka, akakimbia kwa jirani yake, mjane muuza kuni. Alikuta kufuli mlangoni. Jirani alishaenda porini tangu alfajiri, na kishindo kikalia dobi akiwa bado ameshika lile kufuli.

Alasiri chombo kilikuja. Mumewe alikuwa amesogea kidogo kumpa nafasi muuza kuni, mzigo wake mapajani.

"Jamani, shoga yangu," dobi alisema, akaanza kulia.

"Usilie. Wanangu wasilale na njaa tu."

Koplo akaingia uani na furushi jingine. Alitazama juu, akatikisa kichwa.

"Ala! Kumbe mwanamke mwenyewe ndiye huyu," alisema. "Kesho anika tu, mama."