Kifungo cha Shati la Emmett

Rais hana sikukuu. Anazo za watu tu. Hilo Emmett Halvorsen aliligundua mwaka wake wa kwanza Ikulu ya Marekani, na huu sasa ulikuwa wa tatu. Pasaka alisimama juani na kipenga mdomoni, watoto wa watu wakivingirisha mayai kwenye majani. Tarehe nne Julai, siku ya uhuru, alipunga mkono barazani mpaka bega likamuuma. Novemba, sikukuu ya kula bata mzinga, ndiyo usiseme! Alimsamehe bata mzinga makosa ambayo bata mwenyewe hakuyatenda, watu wakacheka, kisha bata akapakiwa garini kwenda kuishi shambani, na Rais akarudishwa ndani.

"Afadhali yeye," alimnong'oneza Corinne, katibu wa ratiba yake. Corinne akadhani ni utani.

Sasa ilikuwa Desemba, na Desemba ya Ikulu ni karamu juu ya karamu. Kila karamu ina foleni, na kila foleni ina picha. Emmett alikuwa mgane, kwa hiyo kwenye foleni alisimama peke yake.

Jumanne moja adhuhuri, walinzi wakimpeleka kurekodi salamu za Krismasi, alisimama ghafla pale ukumbini hadi mlinzi wa nyuma nusura amkanyage. Mti wa mlangoni ulikuwa umezungushiwa uzi wa bisi. Bisi tatu, tunda moja jekundu. Bisi tatu, tunda moja jekundu. Hakuna mtu duniani aliyetunga hivyo isipokuwa mama yao, jikoni kwao Minnesota, na mama alimfundisha mtu mmoja tu, naye ni Ardis, dada yake Emmett.

Tena mama alikuwa na desturi yake. Kila mtoto alitolewa kifungo kwenye shati lililokwisha kumbana, kikatungwa pamoja na bisi, ili wote wawe mtini. Emmett akaufuata uzi kwa kidole. Hiki hapa cha njano, cha Ardis. Hiki cha buluu, cha Nels, kaka yao, Mungu amrehemu. Akatafuta cha kahawia, cha kwake. Aliuzunguka ule mti mara mbili, Rais mzima, walinzi wakitazamana. Hakikuwemo.

"Mzee Pettiford," akamwita mkuu wa wahudumu, aliyekwisha kuhudumia marais watano. "Nani katundika hii?"

"Wapambaji wa kujitolea, Mheshimiwa. Wako tisini na sita, kutoka majimbo yote. Leo siku yao ya nne."

"Yumo mama mmoja mrefu wa Minnesota? Akiongea ni kama anakugombeza?"

Mzee akacheka. "Bi. Bakken! Juzi kanisema vibaya sana kwa ajili ya ngazi."

Bakken ni jina la mume wa Ardis. Walinzi walijua, bila shaka. Ardis alikuwa amewaomba wasiseme, na kazi ya walinzi si kupeleka salamu. Siku nne! Yeye analala juu, dada yake wa tumbo moja anapanda ngazi huku chini, na habari anaipata kwa bisi.

Walikuwa hawajasemezana miaka mitatu na nusu, na kosa lilikuwa la Emmett. Nels alikufa kwa vidonge, bafuni, mlango ukavunjwa. Walikubaliana mezani kwa mama kwamba jambo hilo ni la nyumbani na litabaki nyumbani, na Emmett ndiye aliyetangulia kuapa. Kisha ikaja kampeni. Kura zilikuwa zinamponyoka, ikafika tarehe nne Julai, uwanja umejaa, naye akayamwaga yote: vidonge, bafu, mlango. Alilia, watu wakalia. Kura zikarudi. Ardis aliona kwenye televisheni, na tangu siku ile hakupokea simu yake tena.

"Nataka kumwona sasa hivi," Emmett alisema.

Corinne akatazama karatasi. "Sasa hivi una salamu. Saa nane mabalozi. Saa tisa watoto wa hospitali. Wapambaji ni saa kumi, Mheshimiwa. Atakuja mwenyewe kwenye foleni."

"Kwenye foleni! Dada yangu?"

"Tukimwita pembeni, waandishi watajua kabla hajafika mlangoni. Na yeye hataki wajue. Angetaka, si angekupigia?"

Emmett akafuata ratiba. Akarekodi salamu, akacheka na mabalozi, akawabeba watoto, na muda wote huo alikuwa akipanga maneno. Alitaka kitu kimoja tu: Ardis amsamehe, kifungo chake kirudi kwenye uzi. Aliogopa jamani, kuliko alivyowahi kuogopa uchaguzi.

Saa kumi akasimamishwa palipobandikwa tepu sakafuni, visigino vimegusana. Utaratibu ni ule ule: mgeni anaacha mkoba, ofisa mwenye sare anatangaza jina, mkono, picha, mbele. Sekunde kumi na mbili kwa mtu. Mgeni wa arobaini, wa hamsini. Uso ulishajua kazi yake. Mpiga picha akiinua kamera tu, meno yanatoka yenyewe.

"Bi. Ardis Bakken, Minnesota!"

Mvi zilikuwa zimemjaa. Amevaa gauni lake la kanisani.

"Dada."

"Umekonda, Emmett. Hawakupi chakula humu?"

"Dada, mimi nataka—"

"Ngoja. Nina swali moja, nimekuja nalo kutoka nyumbani. Siku ile jukwaani, ulimlilia Nels au uliwalilia wale watu?"

"Hapa, Mheshimiwa!" mpiga picha akasema.

Shingo ikageuka. Mwanga ukapiga. Emmett alipomrudia dada yake, Ardis alikuwa anaingiza mkono mfukoni, na macho yake ni ya mtu aliyefika kwa watu akakuta kufuli.

"Basi," alisema polepole. "Nimeona."

"Ardis, subiri! Sikuwa—"

"Bwana Clyde Rusk, Maine!"

Babu wa watu akaudaka mkono wa Rais kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka. Mkewe ndiye aliyeomba waje kupamba, alisema, na mwezi wa kumi wamemzika. Utamsukuma mtu kama huyo? Emmett alimshika bega, akamsikiliza, na juu ya bega la babu aliuona mgongo wa Ardis ukiishia mlangoni. Miguu yake mwenyewe ilikuwa palepale kwenye tepu.

"Mzuieni," alimwambia Corinne kwa meno yaliyobanwa. Lakini walipomfuata, alishachukua koti na kupita geti. Ilibaki foleni ya watu arobaini na mbili.

Jibu alikuwa nalo, hilo ndilo lililomchoma. Niliwalilia wao, dada. Nels nilimlilia kesho yake, peke yangu, nimejifungia bafuni. Alipiga simu siku hiyo, na kesho yake, na Krismasi yenyewe. Iliita tu.

Wiki moja baada ya Krismasi, asubuhi, Corinne akamletea ile picha aliyoiomba.

Emmett alijiona kwanza yeye: tai imenyooka, meno yote nje, macho kwenye kamera. Ardis hakuitazama kamera. Alikuwa anamtazama yeye. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa katikati yao, kiganja wazi. Kwenye kiganja palikuwa na kifungo cha kahawia. Kilikuwa kimeshatiwa uzi.

Emmett akakaa. Baadaye akachukua kalamu, akaandika chini ya picha: Sikukiona, dada.

"Iende leo hii," alisema.

Corinne hakuipokea. "Mheshimiwa, hiyo ni nakala yetu ya kumbukumbu. Za wageni zilishatumwa Jumatatu."

"Bila sahihi yangu?"

"Na sahihi. Ile mashine inayoiga mkono wako ndiyo inayosaini."

"Iliandikwa nini?"

"Yale yale ya wote." Corinne akatazama chini. "'Asante kwa kuijaza nyumba yetu furaha.'"

Emmett akaitazama tena picha. Humo bado alikuwa anatabasamu.