Denzil Apanda Treni ya Makaa

Mair Pugh alimwamsha mumewe Denzil alfajiri, akamfikisha stesheni ya Cardiff mapema, wakapata viti behewa la mbele kabisa. Akaweka chupa ya chai mezani na kuwatazama waliochelewa kwa jicho la mwenye nyumba.

Wapenda treni ni watu wa ajabu. Wanalipa nauli ili injini kuukuu za dizeli ziwavute hadi kwenye migodi iliyokufa, kisha ziwarudishe. Hawashuki. Kwao, kama hukufika pale reli inapokatika, njia hiyo hujaipita. Ndiyo maana wote hugombania mbele.

Denzil hakujali injini. Yeye alikuwa na kinyongo. Alichimba makaa ya mawe kwenye mgodi wa Cwm Helyg tangu ujana mpaka vumbi likamharibu mapafu, na kila alipotoka shimoni aliyaona makaa yakipanda treni, naye akiteremka mlima kwa miguu. Njia ile haikubeba abiria hata siku moja. Sasa reli zilikuwa karibu kung'olewa, na hii ndiyo treni ya mwisho.

"Nataka kutoka uwanjani pale mgodini nimekaa kitako kama makaa," alimwambia mkewe. "Mara moja tu."

Kwenye makutano ya Pontrhyd treni ilisimama, ikanguruma, ikaanza kurudi ilikotoka, kisha ikashika tawi la mgodini. Mair alikuwa akimenya yai. Ghafla akashika kichwa.

"Mungu wangu! Denzil, tumekuwa wa nyuma!"

"Treni ikigeuza, mbele inakuwa nyuma. Ulidhani itajizungusha kama paka?"

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ulivyofurahia viti vyako, ningeanzia wapi?"

Gadi akathibitisha: uwanja ni mdogo, wa nyuma wataishia konani, nje ya uwanja. Denzil akajifanya hajali, lakini mkewe aliuona uso wake ukinywea.

"Inuka," akasema Mair.

Njiani kati ya viti watu walikuwa wamejaa tele.

"Pole, mama, kila mtu anataka mbele," kijana mwenye ndevu akamwambia, mkate wa nyama mkononi.

"Huyu alichimba huko tunakokwenda."

"Cwm Helyg yenyewe?" Kijana akageuka, akapaza sauti: "Mchimbaji anapita! Vuteni matumbo!"

Habari ikawatangulia. Watu wakajibana ukutani, wakainua mikoba, wengine wakapanda vitini na viatu vyao. Katika kila behewa alitokea wa kumpisha Denzil akae apate pumzi. Mmoja akampa keki.

"Tafuna ukitembea," Mair akamwambia.

Behewa la mbele, kiti cha kwanza kilikuwa cha Raymond Ollerenshaw wa Stockport, ambaye tangu Cardiff alikaa mkiani peke yake akijichekea, akijua treni itageuza.

"Mama, siondoki. Nchi nzima nimebakiza njia hii tu."

"Nani kakwambia ushuke? Simama pale mlangoni, mzee akae."

Raymond akamtazama Denzil, ambaye midomo yake ilikuwa imepauka kwa kukosa pumzi. Akainuka akinung'unika, akajibanza mlangoni, ndipo akagundua kwamba amesogea mbele zaidi ya wote. Akatabasamu hadi masikioni.

Treni ikaingia uwanjani. Hapakuwa na kitu. Mnara wa shimo ulishabomolewa, majengo hayapo. Ni nyasi na kondoo tu. Mair akaingiwa na hofu kwamba amemleta mumewe kuona kaburi. Treni ikasimama.

"Bado! Reli inaendelea!" Raymond akapiga kelele.

Gadi akazungumza na dereva, na treni ikatambaa taratibu mpaka reli ikaisha. Vigelegele vikalipuka, kofia zikarushwa. Denzil hakushangilia. Alikuwa akitazama mahali fulani kwenye nyasi, pasipo na chochote.

Honi ikalia. Treni ikaanza kurudi, na kando ya reli kikaonekana kijia cha wachimbaji, kimeshikwa na miiba, kikiteremka mlima. Denzil akakunja nne. Akakifuata kijia kwa macho, kona baada ya kona, mpaka chini kabisa bondeni.

"Umechoka?" Mair akamuuliza.

"Hata kidogo," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Ndiyo mara ya kwanza natoka hapa sijachoka."