Unga wa Muhogo kwenye Injini

Siku zile kijiji cha ujamaa cha Runazi kilikuwa na pikipiki moja, na pikipiki hiyo ilikuwa na fundi mmoja, Matiasi. Aliyewaachia ni padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ilipeleka wagonjwa Biharamulo, ikaleta barua, ikambeba mwenyekiti kwenda kwenye mikutano yake isiyokwisha. Matiasi aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, wala hakuona haya kusema hivyo. Dereva wake alikuwa mwanawe wa kwanza, Anatoli. Jioni baba alifungua nati, mwana akamshikia spana, wakabishana na kucheka mpaka ugali upoe. Ilikuwa raha, ila Matiasi hakujua kuwa ni raha mpaka ilipokwisha.

Ilikwisha kwa sababu ya oili. Agosti ya mwaka sabini na nane pikipiki ilianza kuacha matone meusi kila iliposimama. Yalidondoka chini kabisa ya injini. Matiasi alichungulia, akapapasa, akakuta mchubuko wa jiwe kwenye tumbo la injini, akatoa hukumu papo hapo. Mkutano wa kijiji ulipouliza, alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba mwanawe anaendesha kama mwendawazimu, amegonga jiwe, amepasua mali ya kijiji. Anatoli aliinamisha kichwa asijitetee hata kwa neno moja. Matiasi akauchukua ukimya ule kuwa ni kukiri, na kijana akanyang'anywa ufunguo.

Kisha vita vya Kagera vikaja. Mgambo walipoitwa, Anatoli alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alimuaga mama yake jikoni. Baba yake alikuwa shambani akipalilia mihogo iliyokwisha kupaliliwa, na alijua kabisa kwamba mtoto anaondoka.

Ijumaa moja habari zikafika: mgambo waliokusanyika Biharamulo watapanda malori kesho yake saa sita mchana, waende vitani. Mkewe, Auleria, aliweka ungo chini.

"Baba Anatoli, mtoto anakwenda vitani na neno lako mgongoni."

"Nilimtuma mimi agonge jiwe?"

Alijibu kwa ukali, lakini papo hapo akaanza kuwaza namna ya kufika. Mabasi yote yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari. Kwa miguu asingewahi, na goti lake lilikuwa bovu. Ilibaki pikipiki, na oili ilikuwa imebaki kopo moja tu. Madukani hukuipata hata ya kulamba. Ikivuja yote njiani, injini itakufa porini, na mtoto ataondoka bila kumwona.

Jumamosi alfajiri Matiasi aliiburuta pikipiki uani. Mchubuko ule alishaupaka sabuni ya mche mara tatu ili kuuziba, na mara tatu oili ilidondoka vilevile. Asubuhi hiyo ndipo alipojiuliza swali alilopaswa kujiuliza tangu Agosti: hivi panapodondoka ndipo panapovuja? Akaiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaifuta ikakauka.

"Mama Anatoli, nipe unga wa muhogo."

"Wa kula?"

"Wa kunyunyiza."

Auleria alimpa bakuli zima bila kubisha, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Matiasi akaunyunyiza unga juu na chini mpaka injini ikawa nyeupe pepepe.

Mara akapita Kazimili, jirani yao Msukuma, na ng'ombe wake. Aliona unga, akasimama, akavua kofia taratibu. Kwao unga humwagwa hivyo kwa ajili ya mizimu.

"Umefanya vema, mzee mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mtaje na babu yake Anatoli kwa jina, amlinde huko aendako."

"Kazimili, mimi Mkatoliki. Natafuta oili."

"Tafuta tu. Lakini babu mtaje."

Matiasi alitaka kumfukuza, akashindwa. Alilitaja jina la marehemu baba yake, upesi upesi, kama mtu anayeiba. Kisha akapiga kiki, injini ikanguruma, wakainama wote wawili.

Chini, penye mchubuko, unga ulibaki mweupe. Juu, ubavuni mwa kifuniko kidogo cha valvu, ukaanza kulowa. Doa likawa mchirizi, mchirizi ukateremka kwa kujificha nyuma ya injini, ukafika chini, ukadondoka. Jiwe halikuwa na kosa lolote.

Matiasi alizima injini, ikapoa, akafungua kifuniko. Gasketi ya kuzuia oili isipenye ukingoni aliikata yeye mwenyewe siku ya Sabasaba, kutoka kwenye jalada la daftari kuukuu. Ilikuwa nyembamba, na tundu moja la bolti alilikata kombo mpaka ukingo ukachanika. Nyuma yake bado ilisomeka jedwali la kuzidisha: saba mara nane, hamsini na sita. Aliketi chini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hakuwa na karatasi nene. Akavua kiatu chake cha kanisani, akakata ulimi wake wa ngozi, akauchonga taratibu, akaulowesha oili, akaupachika. Bolti alizikaza kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, bila papara. Akatia oili ya kopo, akaondoka.

Biharamulo alikuta malori yananguruma na vijana wamejaa uwanjani. Anatoli alimwona kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kijana aliinama, akapitisha kidole chini ya injini kama alivyozoea. Kikatoka na unga, bila oili. Matiasi alitia mkono mfukoni, akatoa gasketi iliyochanika, akasema kwa sauti, mbele ya wenzake Anatoli wote:

"Halikuwa jiwe. Nilikata vibaya. Kosa ni langu, mwanangu, wala si lako."

Anatoli aliitazama. Akatabasamu kidogo.

"Najua, baba. Hilo daftari ni langu la darasa la saba. Nilikuona ukilikata kombo."

"Ulijua? Hata siku ile ya mkutano?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje, baba? Watu wote wale walikuwa wanakutazama."

Mgambo wenzake wakamwita. Akaichukua ile gasketi, akaitia mfukoni mwa shati, akapanda lori.

Wakati wa kurudi Matiasi alisimama kila kilima, akapapasa chini ya injini. Kukavu. Alitamani lidondoke hata tone moja, apate sababu ya kugeuza.

Anatoli hakurudi kutoka Uganda. Kiatu kile kisicho na ulimi Matiasi alikivaa kanisani miaka mingi, na watu walipomwambia anunue kingine, aliwajibu kwamba hiki kinamtosha.