Injini Iliyokataa Sauti za Kiwandani

Fundi aliifungua injini kwa bisibisi ndogo, akatoa ganda lake la bluu na kuliweka juu ya kitambaa ili lisikwaruzwe. Ilikuwa injini ya treni ya mfano, yenye urefu wa kiatu cha mtoto, mali ya dereva wa treni za mizigo aliyefariki mwaka uliopita. Mjane wake alisimama upande wa pili wa kaunta akimkazia fundi macho, maana simu yake iliwahi kuingia kwa fundi wa namna hiyo ikatoka na betri ya mtu mwingine. Alitaka injini itiwe chipu ya kuongozwa kwa rimoti pamoja na spika, kazi ambayo marehemu alikuwa ameipanga na hakuwahi kuifanya.

Aliporudi kesho yake, alimkuta fundi amekaa mbali kidogo na benchi, mikono mapajani.

"Kazi imekwisha, mama, ila imekataa sauti za kiwandani," alisema fundi. "Nimeingiza muungurumo, nimeingiza honi, yote inafuta. Inatumia za kwake."

"Za kwake zipi?"

"Mzee alikuwa na kikohozi?"

"Kikavu. Cha asubuhi."

"Basi ni yeye."

Mjane aliuliza kama kuna waya wowote ulioongezwa bila yeye kuambiwa. Fundi aliapa kwamba hakuna. Mjane hakumwamini, lakini aliiviringisha injini kwenye taulo na kwenda nayo nyumbani.

Meza ya reli ilikula nusu ya sebule. Marehemu aliijenga pamoja na mdogo wake, mkaguzi wa breki katika karakana ya shirika la reli, na baada ya mazishi huyo mdogo aliendelea kuja kila Jumamosi mchana kuendesha injini yake nyekundu kana kwamba hakuna kilichopungua. Mama yao alikuwa akiishi hapo. Shemeji alimletea dawa, alimpeleka kliniki, na paa lilipovuja alipanda mwenyewe kuliziba. Mjane hakuwa na la kumsuta, na hilo ndilo lililomkera. Mtu asiye na doa hata moja, alijiambia, lazima kuna mahali anafulia.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa ripoti. Treni ya mumewe ilishuka mteremko bila kusimama, ikaparamia mwisho wa reli, na yeye peke yake akafa. Shirika likasema alisinzia kazini, na jina lake likafutwa kwenye ubao wa madereva ulioko ukumbini. Mjane alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyo miaka mingi, na alijua alivyohangaika kuupata usingizi hata taa zikiwa zimezimwa. Alitaka jina lirudi ubaoni. Hakutaka kingine.

Jumamosi ilipofika, shemeji alikuta injini ya bluu imesimama kwenye reli ya ndani. Aliitazama mara moja, kisha akajishughulisha mno na kufuta vumbi kwenye ile nyekundu.

"Umeitia chipu, shemeji."

"Nimeitia."

"Na sauti?"

"Tutasikia."

Kila chipu mpya hutoka kiwandani ikiitikia rimoti kwa namba ileile, yaani 3. Fundi makini huibadilisha, la sivyo rimoti moja itaendesha injini mbili kwa mpigo. Fundi wa mjane alisahau kuibadilisha kwa sababu alikuwa akisikiliza. Shemeji naye hakuwahi kuibadilisha ya kwake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuona kitu kinatembea na kusema kimekaguliwa. Hivyo alipobonyeza rimoti, injini zote mbili ziliondoka.

Nyekundu ilinguruma kama zilivyo nyingine zote. Ya bluu ilikohoa.

"Karakana, breki hazishiki," ilisema kwa sauti ya marehemu. "Nani aliikagua hii?"

"Mimi, kaka." Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji, ikikwaruza kwenye redio. "Iko sawa, teremka tu."

"Uliijaribu, au uliiangalia?"

Honi ililia mfululizo. Mpini wa breki ulivutwa, ukavutwa tena, lakini ile pumzi ya hewa ambayo kila dereva huisubiri haikutoka. Kisha injini ilifika mwisho wa meza na kusimama taratibu, kwa sababu meza haikuwa na mteremko.

"Spika nzuri," alisema shemeji. "Ila sauti imezidi. Mama amepumzika."

Mama mkwe hakuwa amepumzika. Alikuwa dirishani akishona kifungo.

"Kikohozi chenyewe hakijaisha tu," alisema bila kuinua macho. "Nilimwambia avae sweta."

Shemeji alimalizia mzunguko wake, akaaga vizuri, akaondoka. Mjane alihesabu vijiko, ingawa hakujua kwa nini.

Mjane alipopeleka malalamiko, afisa wa shirika alikuja nyumbani mwenyewe, kwa kuwa injini ilikuwa ikinyamaza kila ilipotolewa kwenye reli zake. Shemeji alikuwa amekwisha kufika. Nani alimpasha habari, hakusema, na mjane alimtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Afisa alisikiliza, akaomba irudiwe, akasikiliza tena.

"Marehemu kutoa ushahidi si tatizo," alisema. "Tatizo ni kuthibitisha sauti ni ya nani. Mke hafai, ana maslahi. Ndugu hafai, anatajwa. Mzazi anafaa."

"Nikisema ni yeye?" aliuliza mama mkwe.

"Jina lake linarudi ubaoni. Na huyu anafungwa." Afisa alimwonyesha shemeji kwa kalamu, kwa adabu.

Mama mkwe alikunja kitambaa chake cha kushonea, akakikunjua, akakikunja tena.

"Simtambui," alisema.

"Mama! Si wewe uliyesema avae sweta?" alisema mjane.

"Watu wengi wanakohoa, mwanangu."

"Mama, ni mimi," ilisema injini.

"Nimesema simtambui," alijibu mama mkwe, akimwangalia afisa.

Afisa aliandika, akashukuru kwa kukaribishwa, akaenda zake. Mama mkwe alisubiri geti lifungwe, kisha akavuta kiti chake hadi kwenye meza ya reli na kuinama.

"Usinikasirikie, baba," alisema. "Wewe nimeshakuzika. Huyu ndiye atakayenizika mimi."

"Sawa, mama," ilijibu injini.

Shemeji aliuliza kama chai imebaki. Ilikuwa imebaki. Mjane alimmiminia kwa hasira hadi ikafurika kwenye kisahani, akamsogezea na sukari.