Sauti Zilizobaki Uwanjani

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, saa tisa na robo alasiri, Donat alipiga pasi jezi yake ya rangi ya machungwa, akaivaa ingali na joto, akatembea dakika kumi na mbili hadi uwanja wa Éclair, timu ya mtaa wa Bel-Air. Alikuwa fundi wa mabehewa mstaafu, umri wake miaka sitini na sita, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuwa amekosa mechi ya nyumbani isipokuwa siku alipomzika mama yake. Hata siku hiyo aliwahi kipindi cha pili.

Éclair ilikuwa imeshuka daraja mara mbili katika miaka mitatu. Zamani, ilipokuwa ikiwatoa jasho wakubwa wa mkoa, watu walikaa mpaka juu ya ukuta wa choo. Siku hizi walikuja kumi na mmoja, na Donat aliwajua wote kwa majina ya ubatizo. Waliokosekana pia aliwajua, na alijua walipo: kwa Mado, kwenye baa yenye televisheni kubwa, wamevaa jezi nyeupe za Madrid. Miaka miwili nyuma watu haohao walivaa bluu ya Manchester, maana walihama kadiri vikombe vilivyohama. Ukimwuliza mmoja wao Madrid iko sehemu gani ya Hispania, atakujibu kwamba iko fainali.

Donat hakuwa mtu wa kusamehe mambo ya namna hiyo. Alikaa ngazi ya tatu ya jukwaa la zege pamoja na Casimir, rafiki yake wa tangu ujana, muuza vipuri vya magari na rais wa klabu. Walikuwa wakila karanga. Dakika ya kumi na mbili, kutoka jukwaa la kushoto ambako hapakuwa na mtu, ikapigwa kelele:

"Ongeza, mutoto! Ongeza!"

Ilikuwa sauti ya Alexis, seremala wa barabara ya pili. Donat aliitambua kwa ule mluzi mdogo uliopita kwenye pengo la jino. Pale ilipotokea palikuwa na zege tupu, maganda ya miwa na mbuzi aliyelala. Mwamuzi alitupa jicho mara moja, kisha akaamuru mpira urushwe.

"Ile njo Alexis," Casimir akasema.

"Minasikia."

"Yeye mwenyewe iko wapi?"

"Iko kwa Mado. Tangu Pasaka anavaa maillot ya Madrid."

Casimir alimenya karanga nyingine. "Bantu banachoka kufungwa, Donat. Usibahukumu sana."

Donat aliliweka neno hilo kando, aje kulichunguza baadaye akiwa peke yake.

Mambo yenyewe yalieleweka upesi. Mtu aliyeiacha Éclair moyoni, sauti yake ilibaki pale ilipozoea kupiga kelele, naye akaenda zake bila sauti. Jumapili iliyofuata zilisikika saba. Iliyofuata hiyo zilikuwa zaidi ya arobaini, na wachezaji wa Éclair, waliokuwa wamesahau kelele zilivyo, wakafungwa mbili tu. Kwa Mado, Madrid ilipofunga, wanaume sitini walisimama, wakapanua vinywa mpaka makoo yakaonekana, na kilichosikika kilikuwa friji. Kwenye kanisa la mtaa kwaya ilibaki bila sauti za chini, na padri akachagua nyimbo za kina mama. Wa kwanza walienda kwa daktari. Daktari naye alikuwa wa Madrid, kwa hiyo alitikisa kichwa tu, akawaandikia asali.

"Mi sina shida, Papa Donat," Mado alimwambia, siku Donat alipochungulia ndani ya baa kuhesabu nyuso. "Bajirani habalalamike tena juu ya makelele. Banaonyesha vidole, minaleta bière."

Donat alifurahi, tuseme ukweli. Maisha yake yote alikuwa akitaka kujua nani ni nani, na sasa ilitosha kumsalimia mtu. Akaanza kuwasalimia hata wale aliokuwa amegombana nao miaka na miaka, apate tu kuona kama watajibu. Aliyejibu kwa kutikisa kichwa, Donat alimpita bila neno la pili. Aliyejibu kwa mdomo, alimtazama vizuri zaidi, maana huenda alikuwa njiani kuhama.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Éclair ilifunga bao, la kwanza tangu mvua zilipokwisha. Wote kumi na mmoja waliruka. Casimir aliruka pia, mikono juu, mdomo wazi, na sauti yake ikapasuka upande wa pili wa uwanja, chini ya mlingoti wa bendera, mahali walipozoea kukaa kabla Casimir hajawa rais:

"Iko ndani! Iko ndani, bantu ba Bel-Air!"

Casimir alifunga mdomo. Akakaa. Akamtazama Donat, na Donat akaendelea kuutazama mchezo kama mtu asiyesikia. Kipenga cha mwisho kilipolia akainuka, akaenda nyumbani bila kuaga.

Swali lililomla Donat wiki hiyo lilikuwa moja: rafiki yake alikuwa amehamia timu gani? Kwa Mado hakuonekana. Kwenye duka lake la vipuri hapakuwa na picha mpya ukutani. Basi Jumatatu Donat alipita nyuma ya uzio wa Casimir asubuhi na mapema, siku ambayo mke wake Casimir, Cathy, hufua, akakagua kamba ya nguo toka mwanzo hadi mwisho. Aliona mashuka, pajama, na jezi mbili za machungwa. Jumanne akapita tena. Jumatano Adolphine, mke wake mwenyewe, akamkuta amesimama juu ya ndoo.

"Baba Benita, unatafuta nini ku uzio ya bantu?"

"Minatafuta maillot."

"Maillot ya nani?"

"Ya Casimir. Lazima ameificha."

Adolphine alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sauti yake alikuwa nayo, kwani ilikuwa ya kanisani na haijapata kufika uwanjani. "Basi shuka," akasema. "Cathy anakuona tangu yana. Anasema ukimaliza, umusaidie kuanua."

Jezi haikuwapo. Ilipofika Ijumaa Donat alienda uwanjani akague nyavu, akakuta vijana wawili wenye kofia ngumu wakipigilia vigingi vyekundu toka goli hadi goli. Aliwauliza kwa adabu. Mmoja akamjibu kwa adabu vilevile kwamba hapo patakuwa maegesho ya malori ya madini, yale yanayongoja zamu ya kwenda mpakani.

"Président yenu alisha saini, papa. Inabakia assemblée tu, mukutano ya banachama."

Donat alishika nguzo ya goli, ilikuwa ya baridi. Wiki nzima alikuwa amesaka nguo, na kumbe hapakuwa na nguo, palikuwa na karatasi. Uwanja huo baba yake alikuwa ameusawazisha kwa toroli, jioni baada ya kazi, akiwa na wenzake wa reli. Bila uwanja, Éclair ingekuwa jina tu. Alisimama pale mpaka vijana wakamwomba asogee, kigingi kipite.

Mkutano uliitishwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa parokia ulio ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani. Donat alifikiri watakuja tisa. Walikuja mia tatu na kumi na wawili, klabu nzima, Alexis mbele yao na jezi yake nyeupe. Kuiacha timu walikuwa wameiacha, lakini hakuna aliyewahi kutaka uwanja uondoke. Walitaka uwepo pale siku zote, ili wasiende.

Michée, karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mtu safi mwenye kalamu tatu mfukoni, alisoma hotuba ya rais kwa niaba ya rais. Casimir alikaa pembeni yake, skafu shingoni, akiangalia meza. Kisha Michée akafungua kanuni za klabu, zilizoandikwa na mafundi wa karakana ya reli katika miaka ya hamsini, na kusoma kifungu cha sita. Jambo la uwanja hukatwa kwa sauti. Anayekubali atanyamaza, anayekataa atasema. Mikono isiinuliwe, kwa heshima ya wanachama watatu ambao mikono yao ililiwa na mabehewa.

"Banaokataa," Michée akasema, "baseme sasa."

Donat alisimama. "Mi minakataa. Ni kiwanja cha babaetu."

Akafuatia mzee mmoja kipofu, kisha kina mama watatu waliokuwa wakiuza mayai uwanjani, kisha wengine wanne. Walikuwa tisa jumla. Wale wengine walisimama wote kwa pamoja, wakapanua vinywa. Mishipa ya shingo iliwatoka. Alexis alifungua mdomo mpaka machozi yakamlenga, na ukumbini ukasikika mlio wa viti tu. Wakainua mikono, zaidi ya mia tatu, mingine yote miwili. Michée aliwaonyesha kifungu cha sita kwa ncha ya kalamu, bila ubaya.

Hapo ndipo kelele iliingia kupitia madirishani. Uwanjani hapakuwa na mechi wala mpira, lakini majukwaa yote mawili yalikuwa yakinguruma kwa pamoja, na neno lilikuwa moja:

"Apana! Apana! Apana!"

Donat alizisikia moja moja, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu mwezi wa tano. Alimsikia Alexis na mluzi wake. Alimsikia daktari. Na juu ya zote, toka upande wa mlingoti, nene, yenye hasira kuliko ya mtu yeyote, alisikia sauti ya Casimir ikikataa.

Casimir naye aliisikia. Mkono wake wenye kalamu ulisimama.

"Zile sauti zinatoka inje ya salle hii," Michée akasema. "Na pale uwanjani siku zote banalalamikia arbitre wa mechi. Hatuwezi kujua banakataa nini." Akamwomba mtu wa karibu afunge dirisha. Likafungwa. Casimir akaweka saini ya mwisho kwenye kumbukumbu za mkutano, maana saini haihitaji sauti, na wote wakatoka nje kwa utaratibu, kina mama kwanza.

Kabla ya mwezi wa nane kwisha majukwaa yalikuwa yamevunjwa na ukuta umejengwa. Malori yaliingia usiku na mchana, na vumbi jekundu likakaa juu ya nguo zote za Bel-Air zilizoanikwa. Sauti hazikuhama. Madereva walizoea kuambiwa wapige pasi, na mlinzi wa geti, Kalaba, alizijua kwa majina. Watoto walipoikumbuka sauti ya baba yao, walitumwa wakasikilize ukutani, kisha warudi kula. Kwa Mado vidole viliendelea kuinuliwa, na mwezi wa tisa ulipoanza jezi nyingi zilikuwa zimebadilika, kwani nyeupe ilikuwa imefungwa.

Donat hakuwa amezungumza na Casimir tangu mkutano. Jumapili moja alasiri Casimir alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, kofia mkononi, amekonda. Adolphine alimletea kiti. Hakukaa. Donat alimtazama mikono, mifuko, viatu, akitafuta kitu ambacho hata yeye hakujua ni nini. Kisha akavaa koti, kwa sababu upepo ulikuwa bado wa baridi, akamwashiria rafiki yake wafuatane.

Walienda mpaka ukutani, upande ambao zamani mlingoti ulisimama. Donat aliona kwamba akitaka jibu, ni huko tu liliko.

"Juu ya nini, Casimir?" akauuliza ukuta. "Banakuambia nini mpaka ukasaini?"

Sauti ilijibu mara moja, karibu sana, kama mtu aliye nyuma ya mlango.

"Pembeni! Bapitishe pembeni!"

"Mi njo minakuuliza. Nijibu."

"Arbitre, angalia saa!"

Donat alielewa. Sauti ile haikujua neno lolote isipokuwa yale iliyoyasema mle ndani kwa miaka thelathini na mmoja, na mle ndani haikuwahi kusema uongo, wala kusema mambo ya dukani. Casimir alielewa pia, maana machozi yalimtoka na hakuyafuta. Donat alikuwa na hasira naye bado. Alikuwa pia amemkosa mno, kila Jumapili, na moja halikupunguza lingine.

Lori lilipiga honi. Kalaba alifungua geti, lori likaingia, geti likafungwa. Vumbi lilipotulia sauti ilisema tena, chini kidogo, kwa namna watu wanavyosema kabla mechi haijaanza:

"Donat, kuya huku. Minakuchungia nafasi."

Donat aliinua macho, akautazama ukuta. Ulikuwa na urefu wa mita tatu, na juu yake walikuwa wamepandikiza vipande vya chupa.